Mshono wa Chini ya Kiti

Fundi makochi hakuwa na gari. Hakuwa na leseni, wala hajawahi kushika usukani, hata wa trekta. Hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na cheti chenye muhuri, maana ufundi wake aliupata kwenye benchi la bwana mmoja mkali, na kusoma na kuandika alijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya jioni. Hakuwa na simu ya kupapasa kioo. Zaidi ya yote, hakuwa na subira ya kufundishwa jambo na mtu mdogo kwake.

Alichokuwa nacho ni mikono. Ukimfumba macho ukampa kiti, angekipapasa na kukwambia kama ngozi yake ni ya ng'ombe au ni plastiki, kama sponji ni jipya au limechoka, na kama aliyekishona alikuwa na haraka. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa karakana. Makochi yaliyobonyea yaliingia humo yakatoka yamesimama. Sakafuni palijaa vipande vya sponji na pini, na mkewe alikuwa hapiti bila viatu.

Mkewe alikuwa mkunga. Hata sokoni watu walimwita hivyo hivyo, Mkunga. Mwezi ule alikuwa amestaafu, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimeingia benki. Mume na mke walikaa, wakazungumza, wakakata shauri: wanunue gari la kifahari lililotumika, wawe wanalikodisha kwa maharusi. Mtaani kwao harusi hazikukauka, na magari mazuri yalikuwa machache. Mkunga angeendesha mwenyewe. Alikuwa na leseni, na kwa miaka mingi aliendesha pikapu ya zahanati, akiwahisha kina mama hospitali kubwa.

Lakini kazi ya kutafuta gari aliichukua mumewe.

"Kwenye mayadi ya magari wanaume wanaelewana," alisema.

"Haya," Mkunga akasema. "Tafuta."

Basi asiyejua gari akapewa kutafuta gari, na anayejua akabaki nyumbani kusubiri. Hapo ndipo kosa lilipopita mlangoni, na wote wawili wakalikaribisha.

Jumanne moja fundi aliitwa kwenye yadi ya magari kurekebisha kochi la ofisini. Dalali wa pale watu walimwita Kola, kwa sababu kola ya shati lake ilikuwa hailali, hata jua liwake namna gani. Fundi alipomaliza kazi, akatoka uani kunyoosha mgongo. Ndipo akaliona.

Lilikuwa gari jeusi, refu, linang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Paa lake lilikuwa la kioo. Ndani, viti vilikuwa vya ngozi ya rangi ya malai.

"Naona macho yamenasa, mzee wangu," Kola akasema nyuma yake.

"Natazama tu."

"Kutazama ni bure. Na kukaa ni bure. Ingia!"

Fundi akafuta suruali yake, akaingia. Kiti kikampokea polepole, bila kulia. Akapitisha kiganja juu ya ngozi. Ngozi halisi, tena laini.

"Lilikuwa la mama mmoja mtu mzima," Kola akasema. "Anakwenda nalo kazini, anarudi. Basi. Kilomita zake ndizo hizo, elfu arobaini tu. Kila kitu ni cha kiwandani. Hata hivyo viti havijaguswa na mkono wa mtu."

Fundi akapeleka vidole chini ya kiti cha dereva, kama afanyavyo kwa kila kiti. Vidole vikasimama. Chini kule palikuwa na mshono wa mkono. Mshono wa kiwandani hulala sawa kama mistari ya daftari. Huu ulikuwa wa mtu, tena mtu hodari.

Kwa hiyo viti vilikuwa vimeguswa. Fundi alijua. Lakini hakusema kitu.

Mafundi makochi wana adabu yao. Fundi akikuta kazi ya mwenzake, haifumui mbele ya mteja, wala haisemi. Ukiisema vibaya, umemharibia mwenzako. Ukiisifu, mteja atamfuata yeye. Kwa hiyo mafundi hunyamaza, na fundi huyu alikuwa amenyamaza hivyo kwa miaka thelathini.

"Wewe ni fundi, mzee wangu," Kola akaendelea. "Huwezi kudanganywa. Wengine huja hapa wanapiga mateke matairi. Wewe umeshika kiti mara moja, umeshajua."

Kilikuwa kilemba cha ukoka, lakini kilimkaa vizuri kichwani.

"Bei?" fundi akauliza.

Kola akataja bei. Ilikuwa karibu kiinua mgongo chote cha Mkunga. Hata hivyo, ilikuwa chini sana kuliko bei ya magari mengine ya aina ile.

"Mbona rahisi?"

"Mwenyewe anasafiri. Ana haraka. Alhamisi kuna mtu anakuja na hela mkononi. Lete arabuni kesho, nikuwekee."

Fundi alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyekwisha kukaa kwenye kiti cha nyuma.

Wakati wa chakula cha jioni akalimwaga jambo hilo mezani.

"Mama, nimepata gari. Ungeona viti vyake!"

"Injini je?"

"Ngozi halisi. Ukikaa, hutaki kusimama."

"Nimekuuliza injini, wewe unanijibu viti."

"Injini ipo."

"Ipo!" Mkunga akacheka. "Na mimi nilidhani linasukumwa. Umeisikia ikiwaka?"

"Sijaisikia. Lakini bei yake ni nzuri, na keshokutwa linachukuliwa na mtu mwingine. Kesho twende benki."

Mkunga akaweka kijiko chini.

"Mzee, nisikilize. Miaka thelathini na moja nimepokea watoto wa watu. Usiku na mchana, mvua na jua. Hela ile siipati mara ya pili. Ikipotea, mimi sina mgongo mwingine wa kuinua. Kabla sijaitoa, nataka mtu anayejua magari alitazame hilo gari. Mwite Waya."

Waya alikuwa jirani yao wa nyumba ya tatu, fundi umeme wa magari. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, anafunga kitambaa kichwani na kuvaa ovaroli ya buluu.

"Waya?" Fundi akakunja uso. "Yule binti wewe mwenyewe ulimpokea kwa mikono yako!"

"Ndiyo. Nilimpokea hajui kitu. Leo anajua nisichokijua. Ndiyo faida ya kupokea watoto."

Fundi akaendelea kula. Lakini asubuhi, kabla ya chai, alikwenda kubisha kwa Waya.

Waya alikuwa amelala chali chini ya gari la mtu, miguu nje.

"Hodi, binti."

"Karibu, baba. Subiri nitoke, nisikusalimie kwa viatu."

Akatoka, akafuta mikono, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza maswali, moja baada ya jingine. Gari lina miaka mingapi? Kuna daftari la matengenezo? Namba ya chesisi inalingana na ya kwenye kadi? Jina kwenye kadi ni la nani? Fundi akajibu "sijui" mara nne.

"Lakini bei ni rahisi," akajitetea.

"Baba, kuna bei ya kununua, na kuna bei ya kukaa nalo. Gari hili likiwa jipya, lilinunuliwa na tajiri. Sasa limezeeka, bei yake imeshuka. Lakini spea zake hazijui kwamba bei imeshuka. Ukivunja taa moja ya mbele, taa ile ile tajiri aliyoinunua ndiyo utakayoinunua wewe. Giaboksi yake ikifa, unaweza kulipa hela ya gari dogo zima."

"Kwa hiyo watu kama sisi tusinunue?"

"Nunueni. Ila msimalize hela yote kwenye kununua. Wekeni kando fungu la matengenezo, si chini ya moja ya tano ya bei. Na msilipe hata arabuni kabla gari halijakaguliwa na mtu wenu wenyewe. Fundi wa dalali ni wa dalali."

"Sasa tufanyeje? Kesho linachukuliwa."

"Kila gari la dalali linachukuliwa kesho," Waya akasema, akafunga sanduku la vifaa. "Twende sasa hivi. Usimpigie simu. Nataka nilikute injini ikiwa baridi. Injini ikishapashwa moto, inaficha kelele zake."

Wakaenda watatu: fundi, Waya na Mkunga. Kola ndiyo kwanza alikuwa anafungua geti. Alipomwona mwanamke mwenye ovaroli na kisanduku, tabasamu lake likachelewa kidogo.

"Karibuni! Mzee wangu, umekuja na ukoo mzima?"

"Huyu ni mke wangu. Huyu ni jirani yetu, analiangalia."

"Hakuna shida. Gari halina siri."

Waya aliweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Akaomba kadi ya gari, akalinganisha namba ya chesisi, tarakimu moja moja. Zililingana. Akaomba daftari la matengenezo.

"Limepotelea kwenye kuhama," Kola akasema.

"Kuhama kwa nani?"

"Kwa yule mama."

"Kadi ina jina la mwanamume."

"Mume wake."

"Haya," Waya akasema, bila kupandisha sauti.

Gari likawashwa. Injini ikaunguruma vizuri tu. Fundi akamtazama mkewe kama kusema, umeona? Waya akachomeka mashine yake ndogo ya kusoma hitilafu chini ya usukani, akaisubiri.

"Halina kosa hata moja!" Kola akasema, naye akichungulia.

"Halina, kweli. Na halina kumbukumbu pia. Gari hujipima lenyewe kila siku na kuweka majibu. Hili majibu yote hayapo. Kuna mtu ameyafuta, jana au juzi."

"Betri ilikufa, tukabadilisha."

"Inawezekana."

Akavuta mkanda wa kiti mpaka ukaisha.

"Mkanda mpya," akasema. Akainua pembe ya kapeti. "Kapeti jipya." Akaenda mbele, akaelekeza kidole kwenye taa. Ndani ya kioo mlikuwa na ukungu mwembamba. "Taa ina jasho."

"Sasa vitu vipya navyo ni kosa?" Kola akacheka. "Dunia hii! Mtu akikuwekea kapeti jipya, unamshitaki!"

"Sijamshitaki mtu, kaka. Nauliza tu. Gari la kilomita elfu arobaini linabadilishwa mikanda na kapeti kwa nini?"

Kola akanyoosha kola ya shati lake. Waya akamgeukia fundi.

"Baba, mimi sina ushahidi. Nina wasiwasi tu. Upande wa viti wewe ndiye bwana. Viti unavionaje?"

Fundi akahisi macho ya watu watatu yamemkaa usoni. Hapo ndipo alipoona kwamba swali alilopaswa kuliuliza yeye siku ya kwanza, limeulizwa na mtu mwingine kuhusu kapeti. Viti vya gari la kilomita chache vinashonwa upya kwa nini?

"Vimeshonwa upya," akasema polepole. "Kwa mkono."

Mkunga akageuka. "Nini?"

"Mzee wangu, usianze," Kola akasema. "Viti ni vya kiwandani."

"Si vya kiwandani. Nataka kufumua vidole vinne chini ya kiti cha dereva. Nikimaliza nitakifunga, hutajua nimekigusa."

"Ukifumua, umenunua!"

"Kama hutaki tufumue," Mkunga akasema, "tunakwenda zetu. Hela iko benki na mimi ndiye ninayetia sahihi."

Kola alimtazama Mkunga, akaangalia saa, akaangalia geti. Hakukuwa na mteja mwingine.

"Vidole vinne," akasema. "Visizidi."

Fundi akapiga magoti. Alitoa kisu chake kidogo mfukoni, akakishika, akasita. Miaka thelathini hajafumua mshono wa mwenzake mbele ya mteja. Ilikuwa kama kuingia chumbani kwa mtu bila hodi. Kisha akakata uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ngozi ikaachia.

Sponji lilikuwa jipya. Akapenyeza vidole nyuma ya sponji, akagusa springi, akavitoa. Ncha zilikuwa nyekundu kwa kutu. Akapenyeza tena, kwenye kona ya fremu, pale ambapo brashi haifiki. Akatoa udongo laini, mkavu, kama unga wa kijivu. Akauweka kwenye kiganja, akamwonyesha Waya.

"Tope," Waya akasema.

"Ngoja," fundi akasema. Alikuwa amekunja ngozi kwa ndani na kuinamisha kichwa. Mafundi makochi, wakifunga kiti, huandika kwa penseli upande wa ndani: siku ya kazi, na sababu ya kukifungua, ili fundi atakayefuata asibahatishe. Mteja hauoni mwandiko huo. Fundi akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama alivyosoma zamani madarasa ya jioni:

"Maji hadi dashibodi. Viti vyote vitano."

Chini yake palikuwa na tarehe ya miezi mitano iliyopita, na alama ya sindano mbili zilizopishana. Fundi aliijua alama ile. Ilikuwa ya mwenzake waliyekaa naye benchi moja ujanani, ambaye sasa ana karakana mji mwingine.

Kola akalegeza kola yake.

"Mimi mwenyewe nimeletewa hivyo hivyo," akasema. "Nisingejua. Lakini sasa, mzee wangu, tuzungumze kiume. Napunguza theluthi ya bei. Papo hapo. Gari si linawaka? Mmelisikia!"

Moyo wa fundi ukayumba. Theluthi nzima! Viti angeweza kuvitengeneza upya yeye mwenyewe. Akamgeukia Waya.

"Binti, wewe unaweza kulitengeneza?"

"Naweza kutengeneza kitakachoharibika leo. Kesho kitaharibika kingine. Gari hili lina nyaya nyingi kuliko mishipa ya mtu, na maji ya mafuriko yalifika dashibodi. Nyaya zinaoza kwa ndani, taratibu. Mwezi huu vioo vitagoma kushuka. Mwezi ujao litazima barabarani. Na ile mifuko ya hewa ya kukinga watu kwenye ajali, siku ya ajali inaweza isifunguke. Ndani utakuwa umembeba bibi harusi wa watu."

Kola akamwendea Mkunga. "Mama, wewe ndiye mwenye kauli. Gari zima, zuri, bei ya kutupa!"

"Mwanangu," Mkunga akasema, "mama mjamzito akija kwangu akasema 'sijambo, nesi', simsikilizi mdomo. Natazama miguu. Kama imevimba, hata acheke namna gani, simruhusu kurudi nyumbani. Gari lako miguu imevimba."

Fundi akatoa sindano na uzi wake. Akaurudisha mshono, akipitisha sindano kwenye matundu yale yale. Alipoinuka, hata yeye hakuona palipokatwa.

Njiani Waya alitangulia kuwahi kazi yake. Mume na mke wakatembea mpaka kona ya duka la vifaa vya ujenzi. Pale fundi akasimama.

"Mama, kuna jambo. Ule mshono niliujua tangu jana."

Mkunga naye akasimama. "Uliujua?"

"Niliugusa siku ya kwanza."

"Na ukarudi nyumbani ukanisifia viti."

"Viti vilishonwa vizuri," fundi akasema, na mwenyewe akasikia jinsi jibu lilivyokuwa la kipuuzi. "Niliona haya kusema kazi ya fundi mwenzangu mbele ya watu."

"Yule fundi mwenzako. Na mimi je? Mimi ni mwenzako wa nini?"

Mkunga akaanza kutembea, fundi akamfuata nyuma hatua mbili, na siku ile chai ya jioni aliipika yeye.

Kesho yake fundi alirudi kwa Waya. Safari hii alibeba daftari na kalamu.

"Nifundishe kununua gari," akasema. "Tangu mwanzo. Usinionee huruma."

Waya akamwangalia, akaona hatanii. Akamvutia kigoda. Kwa wiki tatu, kila alipopata nafasi, fundi alikwenda kukaa pale. Alijifunza kuvuta kijiti cha oili na kutazama rangi yake. Alijifunza kwamba pedali iliyolika na usukani uliong'aa haviendani na kilomita chache, hata dashibodi iseme nini. Alijifunza kuuliza kwenye ofisi ya usajili kama gari lina mkopo au kodi isiyolipwa, maana deni la gari humfuata mnunuzi. Lugha ya injini ilimtoa jasho. Alipokosea, Waya alimcheka, naye alivumilia. Mkunga alipopita kuwapelekea chai, alimkuta mumewe ameinamia boneti na miwani imeshuka puani.

"Mwanafunzi wako anaendeleaje?" akamuuliza Waya.

"Kichwa kigumu, lakini kinaingia."

Wakaanza kuyatazama magari kwa pamoja, wote watatu. La kwanza walilikataa kwa sababu mwenye kadi hakujulikana alipo. La pili, shokamzoba zake za upepo zilishuka usiku, asubuhi likawa limelala tumbo chini kama ng'ombe. La tatu lilikuwa zuri kabisa, ila bei yake ingekula hela yote bila kubakiza fungu la matengenezo. Fundi ndiye aliyesema, "Hapana, tuliache." Mkunga alimtupia jicho la pembeni.

La nne walilikuta kwa daktari wa meno aliyekuwa anafunga kazi. Lilikuwa la rangi ya fedha, la zamani kuliko lile jeusi, na kilomita zake zilikuwa mara tatu. Na viti vyake! Fundi alipofungua mlango alisikia kama mtu amemkanyaga. Ngozi ilikuwa imepasuka, sponji limechungulia nje, na kiti cha nyuma kilikuwa na doa la ukubwa wa sinia.

"Wajukuu," daktari akasema kwa aibu. "Na juisi."

Lakini daktari alikuwa na faili nene. Kila oili iliyobadilishwa, kila breki, kila risiti, kwa mpangilio, na kilomita za siku ile. Waya alisoma faili lote akiwa amesimama. Kisha akalikagua gari saa nzima. Mashine yake ilionyesha kosa moja la kifaa cha kupima joto, na daktari akasema, "Hilo najua, sijapata muda." Mkunga akaliendesha mwenyewe: mjini kwenye foleni, barabara kuu kwa mwendo, na njia ya mashimo huku madirisha yamefungwa ili asikie kila kinachogonga. Aliporudi alizima injini, akakaa kidogo.

"Linatii," akasema.

Kwa sababu ya viti, bei ilishuka zaidi. Fundi alimpa daktari mkono, akasema ukweli: "Bwana daktari, viti hivi kwangu ni kazi ya siku sita."

"Basi umenizidi ujanja," daktari akacheka.

Hawakulipa mkononi. Waliandika mkataba wenye majina mawili, namba ya chesisi, namba ya injini, kilomita, kosa lile la kipimo cha joto, na sahihi za mashahidi wawili. Hela ilitoka benki ikaingia benki, risiti ikabaki. Fungu la matengenezo likabaki kwenye akaunti, zima.

Fundi alifanya kazi siku sita. Chini ya kila kiti, upande wa ndani, aliandika kwa penseli tarehe na sababu: "Ngozi kupasuka. Juisi." Jumamosi iliyofuata Mkunga alimpeleka bibi harusi wa kwanza. Mama wa bibi harusi aliuliza gari ni jipya la mwaka gani. Mkunga akamwambia umri wake wa kweli, na mama yule akakataa kuamini. Kabla ya jioni walikuwa wameagizwa Jumamosi tatu za mbele.

Lilibaki jambo moja, na Waya ndiye aliyelikumbusha.

"Mmebadilisha jina kwenye kadi?"

"Tutabadilisha," fundi akasema. "Mkataba si tunao?"

"Baba, kadi ikibaki na jina la daktari, mbele ya sheria gari ni la daktari. Akidaiwa, linakamatwa. Akifa, warithi wake wanaligawana. Ukigonga mtu, atatafutwa yeye. Na siku mlizopewa kubadilisha zinahesabiwa, zikipita ni faini. Ofisi ya usajili iko mbali, lakini wanapokea barua ya posta, ile ya rejista. Andikeni leo."

Mchana ule fundi alifuta meza, akaweka karatasi bila mistari. Aliandika barua kwa mkono ule wa madarasa ya jioni, herufi zimesimama wima. Aliambatanisha kadi, nakala ya mkataba, risiti, na nakala za vitambulisho vya muuzaji na mnunuzi. Mkunga alimsomea namba ya chesisi mara mbili, naye akaifuatisha kwa ncha ya kalamu. Kisha ikaja fomu ya kubadilisha jina la mwenye gari. Akajaza kila mahali, akafika kwenye mstari uliosema: Jina la mmiliki mpya.

Kalamu ikasimama.

"Andika lako," Mkunga akasema, akikunja nguo kitandani. "Wewe ndiye uliyezunguka kulitafuta. Na watu hawaishi maneno."

Fundi akaivuta fomu karibu. Akaandika jina la mkewe, lote, kwa herufi kubwa, bila kufupisha. Chini yake, kwenye nafasi ya shahidi, akaandika la kwake.

"Njoo utie sahihi," akasema.

Mkunga akaja na nguo mkononi. Akasoma. Akasoma tena. Akachukua kalamu, akatia sahihi ile ile aliyokuwa akitia kwenye kadi za watoto wachanga, kisha akamsogezea mumewe gundi.

Wakaziingiza karatasi zote kwenye bahasha. Fundi akaifunga, akaikandamiza kwa kiganja mpaka pembe zikashika, kisha wakaenda posta na gari lao, Mkunga kwenye usukani. Karani akaipima bahasha, akaandika risiti ya rejista, akagonga muhuri. Akaitupa kwenye mfuko wa turubai.

"Anayefuata," akaita.